Familia ya Kibokoni (wakwe hawamo)

*Ijumaa*

Dada Rukia 08:12: Assalaam alaykum. Jumapili fundi anakuja kuangalia spika za marehemu Baba. Nataka jibu leo: nani ana amplifaya, nani anatoa hela ya sponji.

Dada Rukia 09:40: Naona tiki za buluu. Naongea na ukuta?

Hamadi 10:05: Waalaykum salaam da Rukia. Zina nini tena?

Dada Rukia 10:06: Nimetoa kitambaa cha mbele. Sponji ya ukingoni mwa besi, nimeigusa tu, imenibakia kidoleni, nyeusi, inanata.

Saidi 10:09: Tupa hizo, nunua bluetooth

Mwanajuma 10:09: 😂😂 Saidi na kopo lake

Hamadi 10:21: Hizo ni AR-3a za Marekani, zilitoka 1967. Koni, ile karatasi ya kati ya besi, ikiwa nzima, sponji hubadilishwa. Lakini fundi aweke laini, asitie raba ngumu. Sanduku lile limezibwa kabisa, hewa ya ndani ndiyo springi yake. Akimaliza, asukume besi taratibu kwa vidole: irudi polepole. Ikirudi chapu, hewa inavuja.

Hamadi 10:23: Vile vitufe viwili vya nyuma ukivizungusha vinakwaruza?

Dada Rukia 10:24: Sana. Sauti inakuja inapotea.

Hamadi 10:25: Kutu hiyo, na chumvi ya bahari imesaidia. Fundi avisafishe kwanza kabla hajasema twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimekufa. Au nizichukue mimi huku Nairobi.

Mwanajuma 10:26: Alaa! Ndiyo maana somo refu

Dada Rukia 10:30: Amplifaya jamani.

Saidi 10:32: Ninayo, nilinunua mtaa wa Luthuli, Nairobi. Wati 1000

Hamadi 10:33: Wati za kwenye boksi hizo. Nyuma imeandikwa omu ngapi, yaani ukinzani wa spika inazoziweza?

Saidi 10:41: 8 mpaka 16

Hamadi 10:42: Basi haifai. Spika za Baba ni omu 4, omu zikiwa chache zinavuta umeme mwingi. Itachemka ijizime. Na ukiilazimisha mpaka sauti ipasuke, twita zinaungua.

Mwanajuma 10:43: Kama zilivyoungua harusi ya nani vile 👀

Saidi 10:43: Haya, yameanza

Dada Rukia 10:47: Yaanze. Uliazima usiku mmoja, zikarudi baada ya wiki, moja bubu nusu. Na amplifaya ya Baba hatujaiona mpaka leo.

Hamadi 10:48: NAD 3020. Wati 20 tu lakini za kweli, na omu 4 haikuziogopa.

Saidi 10:49: Nilimpa fundi!!

Mwanajuma 10:50: Fundi wa ahera?

Mwanajuma 10:51: Jumapili kuna pilau au chai kavu?

Dada Rukia 10:52: Mwanajuma.

Ami Athmani 14:15: Nimesoma yote. Spika hizo tuliziteremsha melini mimi na baba yenu, kila moja kilo 24. Haziendi Nairobi wala harusini. Saidi, amplifaya ya kaka yangu itafutwe.

Saidi 15:02: Sawa Ami.

Hamadi 15:20: Sawa Ami.

*Jumamosi*

Omari 22:31: Nilikuwa kazini. Nitume ngapi?

Dada Rukia 22:32: Fundi hajataja bei. Tuma chochote. Besi ni inchi 12, sponji si hizi za redio ya gari.

Saidi 22:40: Yule fundi amehamia Likoni, simu haipatikani

Dada Rukia 22:41: Feri ni bure kwa miguu.