Tupeane uzoefu: Unaitulizaje akili unapojisomea na unapokuwa ndani ya chumba cha mtihani?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, salamu. Mbinu za kusoma zimezungumzwa sana, lakini hali ya akili ya huyo anayesoma huachwa kando. Ninafundisha kidato cha nne, na kila mtihani wa taifa wa Novemba unapokaribia huwaona wanafunzi wanaolijua somo vizuri wakiporomoka kwa hofu, nayo haiondoki kwa kuambiwa "usiogope". Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba wanafunzi wenye wasiwasi mwingi walipoandika yanayowatia hofu kwa dakika 10 kabla tu ya mtihani, walifanya vizuri zaidi. Maelezo yao ni kwamba wasiwasi hugombania nafasi ileile ya akili inayotumika kukumbuka na kukokotoa. Tangu niliposoma hayo, wanafunzi wangu huandika kabla ya jaribio, kwenye karatasi ambayo mimi siikusanyi wala siisomi. Wapo waliosaidika, na wapo wanaoona haya hata kuandika. Naomba kila mmoja aeleze lililomfaa yeye mwenyewe.

Mwanachuo, Dodoma
Shikamoo Mwalimu. Hofu yangu ilitokana na lugha. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kisha sekondari karibu masomo yote yakawa kwa Kiingereza, kwa hiyo neno moja geni katika swali la kwanza lilitosha kunifanya nisahau hata yale niliyoyajua. Kilichoniokoa ni utaratibu usiobadilika: nasoma maswali yote kabla ya kuandika chochote, navuta pumzi na kuitoa taratibu, kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta, mpaka mapigo ya moyo yatulie, halafu naanza na swali ninaloliweza ili akili ipate pa kushika. Utaratibu huo niliuzoea wakati wa prepo, nikifanya mitihani ya miaka iliyopita huku saa ikiwa mezani na daftari limefungwa. Ninaamini kwamba asiyeuzoea mapema hataukumbuka siku yenyewe, kwa sababu mwili ulioshikwa na hofu hufuata mazoea.

Mama anayesomea uuguzi, Mombasa
Kwangu ni usingizi. Watoto wakishalala baada ya Isha, nami nalala, kisha naamka kabla ya Alfajiri nyumba ikiwa kimya. Ubongo huimarisha kumbukumbu tulalapo, na mwenye kukesha hukasirika upesi na kukata tamaa upesi.

Mhitimu wa kidato cha sita
Shikamooni wakubwa zangu. Dada wa Dodoma, nakubaliana nawe kuhusu mazoea, ila mimi pumzi haikunisaidia sana. Hatari yangu ilikuwa nje ya chumba, pale tunapotoka na kuanza kulinganisha majibu: anayegundua amekosa huingia mtihani wa mchana akiwa amevunjika moyo, ingawa wa asubuhi umeshakusanywa na hauwezi kurekebishwa. Mimi na rafiki yangu tuliwekeana ahadi ya kutozungumzia majibu mpaka mtihani wa mwisho, tukawa tunakwenda moja kwa moja kula na kupumzika. Mwalimu, ninaomba pia uwatazame wale ambao hofu yao imewanyima usingizi na chakula kwa majuma kadhaa. Hao mbinu zetu haziwatoshi, na wanahitaji kukaa na mshauri nasaha au kupelekwa hospitali mapema, kabla ya Novemba kufika.