Kibanda cha maneno, Nane Nane Mbeya

Kikundi: UKOO WA BIBI TUKUYU
5 Agosti, usiku

Bupe: Shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo. Mnisamehe kwa kimya, tangu tarehe 1 simu naishika usiku tu nikitoka viwanjani kwenye maonyesho ya wakulima na vidole vimeganda kwa baridi. Niliahidi ripoti ya kibanda basi ndio hii, ntaandika kipande kipande

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Umekula lakini?

Bupe: Nimekula mama mkubwa, ndizi na maharage kwa mama wa banda la jirani

Shangazi Iringa: Kamwene jamani. Bupe mwenzio mpaka leo sijaelewa unauza nini hasa, Atu aliniambia unauza maneno nikadhani ni vitabu. Ile mianzi niliyotuma nayo imefanya kazi gani

Bupe: Shangazi ile mianzi ndio kalamu zenyewe!! Nachukua kijiti kilichokauka vizuri nachonga ncha mshazari, halafu naipasua kidogo katikati ili wino ushuke polepole usimwagike wote. Ukiivuta chini inatoa mstari mnene ukipanda juu inatoa mwembamba. Naandika neno moja au mstari mmoja kwenye karatasi moja, mtu anatundika sebuleni kama anavyotundika picha ya harusi

Atupele: Shangazi yaani mtu anakuja anasema niandikie jina la mwanangu, Bupe anakaa anaandika pale pale watu wamejaa kimya wanaangalia mkono unavyoenda. Ndogo 5,000 kubwa 15,000, ukitaka na fremu ya kioo 30,000

Shangazi Iringa: 15,000 neno moja jamani. Si steshenari wanakuprintia kwa buku na rangi juu

Bupe: Hilo swali naulizwa kila siku shangazi na sichukii. Kompyuta ikiandika jina Tusekile zile e mbili zinafanana kama mapacha, mimi e ya kwanza naandika mkono bado haujatulia ya pili ushatulia na mtu anaziona zote mbili, anaona hapa wino ulikuwa mwingi hapa ulikuwa unaisha, na akirudi kesho nimwandikie tena haitatoka ile ya jana. Ndio anacholipia. Mbona kanga tunachagua kwa jina lake, rangi nzuri kabisa lakini ukisoma jina halikugusi unairudisha

Mama Mkubwa: Hapo kwenye kanga umesema. Mimi nishawahi kuzunguka Mwanjelwa nzima nikitafuta jina moja tu

Anko Lusajo: Na hii kazi sio ya juzi. Nendeni Zanzibar muangalie milango ya zamani, ilichongwa maandishi ya Kiarabu juu yake na hakuna anayeuliza kwa nini mtu alipoteza muda. Bupe karatasi ya kaki hainywi wino? Mimi mabango na malori nimeandika miaka mingi lakini kwenye bati rangi haisambai

Bupe: Anko ilininyanyasa mwanzo, herufi zinaota nywele pembeni. Nikajaribu kupaka maji ya wanga wa muhogo mepesi sana, naacha ikauke usiku kucha chini ya godoro ili isijikunje, wino ukashika. Na ile ya kwako ya kupima neno kwa chaki kwanza ujue katikati ni wapi imeniokoa mno

Anko Lusajo: Safi. Neno likianzia kushoto bila kupimwa mwisho linabanwa ukutani

Shangazi Iringa: Na hiyo kaki kumbe inatoka huku kwetu, Mgololo kule Mufindi ndo kiwanda kilipo. Siku nyingine upite Neema Crafts hapa mjini, wanatengeneza karatasi kwa mkono hadi za kinyesi cha tembo, zina nyuzinyuzi nzuri, hazinuki msiogope

Bupe: Aisee hiyo ntaifuata kweli. Sasa niwaambie yaliyonikuta maana siku mbili za kwanza nililia. Nilikuja na karatasi 40 nimeshaziandika nyumbani, methali tupu, zile zote mnazozijua, nimezitundika kwa kamba ya katani na vibanio vya nguo kibanda kinapendeza, watu wanaingia wanasoma kwa sauti wanasema mwandiko mzuri dada, wanapiga picha wanaondoka. Siku ya kwanza nimeuza 10,000. Ya pili 15,000. Na upepo wa Agosti mnaujua, vumbi limeingia kwenye wino nimemwaga chupa nzima

Mama Mkubwa: Pole mama. Ungesema tungekuombea

Bupe: Niliona aibu mama mkubwa. Siku ya tatu asubuhi kaja dada mjamzito anatokea Kyela kuangalia mashine za mpunga, akaniuliza unaweza kuandika Lusekelo? Nikamwambia hiyo sina, akasema basi andika. Nikaandika, chini yake kwa herufi ndogo nikaweka maana yake kwa Kiswahili, furaha. Akaishika akakaa chini kwenye ndoo yangu hajasema kitu muda mrefu. Nikateremsha methali zote nikaacha tatu tu, nikachukua manila nikaandika kubwa NIAMBIE NENO LAKO nikatundika mlangoni

Atupele: Kuanzia hapo foleni 🙌🏾 Majina yetu ya Kinyakyusa na maana zake, Lusajo baraka, Bupe zawadi, Atupele ametupa, nimejiandikishia na mimi. Halafu wale wanaoishi Dar wamekuja likizo wanataka NDAGA FIJO, yaani asante sana, watundike huko huko, na Wahehe wanataka salamu yao KAMWENE

Shangazi Iringa: Niwekee Kamwene moja kubwa!! Kwa bei ya shangazi

Atupele: Hesabu sasa maana najua mtauliza. Eneo siku 8 tulilipa 120,000, karatasi 25,000, wino 18,000, fremu 20 za seremala pamoja na vioo 180,000, jumla 343,000. Mauzo mpaka leo jioni 10,000 na 15,000 na 85,000 na 140,000 na leo 165,000, jumla 415,000. Nauli na chakula sijatoa. Wengi wanalipa kwa lipa namba

Anko Lusajo: Sio mbaya na bado siku tatu, tarehe 8 yenyewe watu ndo wanajaa

Bupe: Anko kuna jambo nataka ushauri wako maana limenikaa rohoni tangu saa nane mchana. Kaja mzee mmoja wa makamo kashika daftari la mistari limeliwa na panya pembeni. Anasema ni la mama yake marehemu, alikuwa anaandika deni za maziwa, na ukurasa mmoja kamwandikia yeye kabla hajaenda shule ya bweni. Imeandikwa mwanagu kura ushibe. Hivyo hivyo, mwanagu bila n ya pili na kura badala ya kula. Anataka ile kubwa na fremu. Nikamuuliza nirekebishe? Akasema hapana, ukirekebisha sio mama. Nimeandika kama ilivyo lakini watu nyuma yangu wakaanza kusema dada umekosea dada umekosea, mkono ukatetemeka

Anko Lusajo: Mimi kwenye kazi yangu kosa likitoka dukani ni la fundi, mteja hatalibeba yeye. Bango la kosa mtaa mzima unakucheka. Ningemrekebishia hata kwa kumficha

Mama Mkubwa: Hapana Lusajo. Wewe uliandika majina ya maduka. Huyu kaleta sauti ya mama yake. Sisi huku si ndivyo tunavyosema, kura, r na l zinabadilishana mdomoni, mama aliandika alivyosema

Shangazi Iringa: Mimi nalia huku

Atupele: Nimemchezea bibi sauti ya hizo meseji, amesema niandike anayosema. Haya bibi anasema:

Mimi nilijifunza kuandika mwaka ule 1970 Mwalimu Nyerere aliposema ni mwaka wa elimu ya watu wazima. Nilikuwa na watoto watatu mmoja mgongoni. Jioni tukitoka shamba tunakwenda kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga ubao. Neno la kwanza nililoandika bila kushikwa mkono lilikuwa jina langu na nilikosea herufi moja, mwalimu akaweka alama nyekundu. Nilirudi nyumbani nikaliandika vile vile kwa mkaa ukutani jikoni na babu yenu hakulifuta mpaka nyumba ile ilipobomolewa. Bupe usimguse yule mama mwandiko wake.

Bupe: Bibi 😭

Anko Lusajo: Shikamoo bibi. Nimekuelewa. Bupe nayarudisha nyuma niliyosema

Mama Mkubwa: Mimi hiyo ya mkaa sikuwahi kuisikia na nimezaliwa nyumba hiyo hiyo

Bupe: Bibi lilikosewa herufi gani? Nataka nikuandikie kama lilivyokuwa ukutani

Atupele: Anacheka. Anasema hilo si la kwenye simu, uje Tukuyu na karatasi kubwa atakuonyesha mwenyewe, na iwe kubwa asome bila miwani

Bupe: Tarehe 9 mchana nipo hapo, fremu moja naiweka pembeni kuanzia leo Atu usiiuze hata mtu akija na 50,000

Atupele: Nimeiandika jina lake nyuma

Anko Lusajo: Kesho saa moja nakuja na mirunda miwili na viroba vya mchanga tushike hilo turubai la kibanda upande wa barabarani. Bupe lete chaki, yangu imeisha