Naongeza shawa kwenye choo cha ndani, bomba la hewa ni lazima?

Mkaazi_Arua: Habari zenu wakubwa. Niko Arua, nyumba ya chini tu haina ghorofa, ndani kuna choo cha kukaa na sinki la kunawa, vyote vinaenda septiki kwa bomba la inchi 4. Sasa nataka shawa pale kwenye kona, kama mita 3 kutoka laini ya choo. Fundi anasema anachimba sakafu anaweka flo trapu (kile kidaka maji cha sakafuni) ya inchi 2 anaunga moja kwa moja kwa ile ya inchi 4 kazi imeisha, nikimuuliza bomba la hewa anasema lile lililosimama nyuma ya nyumba linatosha. Lakini jirani alifanyiwa hivyo hivyo na sasa mtu akiflashi choo shawa inalia glu glu glu halafu harufu inajaa mpaka chumba cha kulala. Sitaki kuja kuvunja taili tena, naombeni msaada.

fundi_wa_Jinja: Ndugu, huo mlio kwa jirani ndio jibu lako. Ndani ya trapu kunabaki maji, kina cha milimita 50 hivi, na ndiyo yanazuia hewa ya septiki isiingie ndani. Choo kikimwaga maji mengi kwa mara moja yanajaza bomba, yakiteremka yanavuta hewa nyuma yake, sasa hewa ikikosa njia inapita kwenye trapu ya shawa na inaondoka na yale maji. Lile bomba la nyuma linatoa gesi ya septiki vizuri tu, ila shawa iko mbali nalo. Mwambie aweke tii (kiungio cha njia tatu) ya inchi 2 karibu na trapu, isizidi mita moja na nusu, apandishe bomba ndani ya ukuta mpaka juu ya mabati. Mteremko sentimita 1 kwa kila 40, yaani kwa mita zako 3 ni sentimita 7 na nusu. Asizidishe akidhani ndiyo maji yataenda haraka, bomba likishuka sana kabla ya tii, trapu inajinyonya yenyewe.

Mama_Mbale: Na hilo bomba la juu livuke dirisha jamani, kama dirisha liko ndani ya mita 3 basi bomba lipite juu yake sentimita 90 au zaidi, na kofia yenye wavu, la sivyo harufu inarudi ndani na mbu wa septiki nao wanatokea hapo.

Busia_Mpakani: Mi naona mnamuongezea gharama bure. Huku kwetu maji ya kuoga hatuyaungi kabisa na laini ya choo, tunatoboa ukuta yanatoka nje mpaka kwenye gali trapu (kile kishimo cha nje chenye wavu juu na maji ndani), kutoka hapo ndio yanaingia chemba (shimo la kukagulia laini ya maji taka). Pale ni wazi, hewa inaingia yenyewe, choo kiflashiwe mara ngapi shawa haisikii. Hiyo kona iko ukuta wa nje?

Mkaazi_Arua: Ndiyo mzee, iko ukuta wa nje, na gali trapu ya sinki la jikoni iko hatua chache tu kutoka hapo. Naweza kuunga hapo hapo?

fundi_wa_Jinja: Kama ni hivyo nakubaliana na Busia, hiyo ni nzuri zaidi na huchimbi sakafu yote. Inchi 2 isizidi mita 4, na mdomo wake utokee chini ya wavu wa gali lakini juu ya maji yaliyo ndani, ukimwaga juu ya wavu povu na nywele zitazagaa uani. Flo trapu ndani bado unaiweka. Gali yenyewe uisafishe mara kwa mara, mafuta ya jikoni yakikutana na nywele yanaziba. Tena kwenu kiangazi cha mwezi wa 12 mpaka wa 2 ni kikali, mkisafiri trapu inakauka, mkirudi mwageni jagi la maji kwanza.

Na kabla hajafunika kwa zege, jaza trapu, mwaga ndoo nzima kwa shawa, flashi choo na kumimina maji sinki la jikoni kwa pamoja, halafu mulika na tochi. Maji kwenye trapu yakiwa pale pale mruhusu afunike.