Propela ya mbao nimeifunga ila mapanga hayapiti sehemu moja, na kofia inayumba

Fundi_Mikindani:
Wakuu habari za leo. Mimi na mdogo wangu tuna mwaka wa tatu tunaunda ndege ya siti moja hapa Mikindani, injini ya Volkswagen. Sasa tumefika kwenye propela, ni ya mbao, bolti sita. Jana nimeifunga nikaweka kigoda mbele ya ncha nikazungusha kwa mkono, panga moja linapita karibu kabisa na lingine linapita mbali kama mm 6 hivi. Kofia nayo, ile pua inayofunika kitovu cha propela, nikiijaribisha ncha inayumba. Nianze na kipi? Bolti nimekaza kwa spana ya kawaida mpaka ikagoma.

gereji_lindi:
Kaka kofia weka pembeni kwanza. Na kabla hujaigusa tena hiyo propela toa plagi zote, maana waya wa kuzimia magneto (kile kinachozalisha umeme wa plagi) ukikatika swichi inaonyesha imezimwa kumbe magneto iko hai, ukizungusha kidogo tu injini inashika na mkono unaondoka. Naomba sana hapo usifanye haraka.

Halafu fungua bolti zote uangalie flenji, ule uso wa chuma wa injini ambapo propela inakaa. Tone la rangi au kinundu cha chuma pale katikati, huku kwenye ncha ni milimita kibao. Tofauti ya mapanga kwenye ncha isizidi mm 3. Ukirudisha tumia toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza (toki), kaza kidogo kidogo kwa kukingamisha, bolti moja halafu ya upande wa pili, na namba ya toki ufuate ya aliyechonga propela sio ya bolti, kwa sababu mbao inapondeka bolti ikiwa bado haijafika popote.

mwanamajahazi:
Ndege siijui ila mbao naijua. Jahazi likivutwa pwani likakaa juani mbao zinaachana mpaka urudie kalafati, kuziba nyufa zake. Hiyo propela mkiifunga masika imenyonya unyevu, upepo wa kusi ukikaza mwezi wa sita inasinyaa. Hizo bolti zitabaki zimekaza nini?

gereji_lindi:
Umesema jambo kubwa mzee wangu. Watu wanadhani bolti ndo zinasukuma propela, hapana, bolti zinabana na ule msuguano wa mbao na flenji ndo unafanya kazi, mbao ikisinyaa propela inaanza kuteleza, inaungua pale inapogusana na chuma na bolti zinakatika. Kwa hiyo pima toki baada ya kuruka mara ya kwanza, ukifika masaa 25 pima tena, halafu kila masaa 50, na kila majira yakibadilika hata kama hujaruka. Ndege ikipaki propela iache imelala, ukiisimamisha unyevu unashukia panga la chini na balansi inaharibika.

Kofia sasa. Sahani yake ya nyuma ikae katikati ndo ncha itatulia. Kwa tundu za kofia za kupitisha mapanga, kata boksi kwanza upate umbo la panga, acha nafasi ya mm 3 kuzunguka, na kona zote ziwe za mviringo upige msasa mpaka laini, kona kali ndo ufa unapoanzia.

Fundi_Mikindani:
Nimefungua leo asubuhi, kweli kuna mchirizi wa rangi kwenye flenji, mdogo wangu aliipaka mwaka jana. Nimekwangua, nimeazima toki renchi kwa jamaa wa magari Mtwara mjini, sasa tofauti ni mm 2. Ila mbao imeacha alama za washa (vile vibati vya chini ya bolti) pale nilipokaza mwanzo, naona imebonyea kidogo, je bado inafaa?

gereji_lindi:
Usiwashe injini. Piga picha ya karibu, umtumie aliyeichonga aione kwanza.