Huzuni yangu hairudi nyuma: je, simpendi mwanangu?

Mleta uzi: Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mwanangu ana miaka 7 na ana mtindio wa ubongo. Hatembei wala hasemi, na mlo mmoja huchukua karibu saa nzima, kwa maana lazima nimshike kidevu na kusubiri ameze ndipo nimpe kijiko kingine. Hayo nimeyazoea. Kinachonishinda ni huzuni, ambayo nilidhani ingekwisha nikishaipokea hali yake. Juzi nilikuwa nikitenga viatu vinavyombana, nikaona soli zote ni safi kama siku niliyovinunua, nikakaa sakafuni nikalia. Je, huku ni kutompenda?

Mama wa kijana mwenye usonji: Pole sana, dada yangu. La hasha, si kutompenda. Mwaka 1962 Simon Olshansky, mtaalamu wa Marekani aliyefanya kazi na familia kama zetu, aliandika kwamba huzuni ya wazazi kama sisi inaweza kudumu maisha yote na bado ikawa ya kawaida, tena akawakosoa wataalamu waliowahimiza wazazi waikubali hali haraka, kana kwamba kulia ni ukaidi. Kwangu huamka kila watoto wa rika lake wanapopiga hatua. Walipoanza sekondari nililia wiki nzima, na jioni zile zile nilikuwa nikimwimbia mwanangu.

Mshauri nasaha: Nakubaliana na mama aliyetangulia, ila naomba tusichanganye huzuni inayokuja na kuondoka na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ambao hutibika. Ikiwa karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, moyo ni mzito, hakuna linalokufurahisha na usingizi hauji hata mtoto akiwa amelala, mwone daktari. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje hata siku moja. Vilevile mfundishe mtu mwingine kumlisha. Akina mama wengi husema hakuna awezaye kama wao, na ni kweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kufundishwa.

Mleta uzi: Asanteni mno. Mawazo ya kudhuru sina, lakini usingizi nimeukosa kwa mwezi wa pili sasa, na sikuwahi kumwambia mtu. Kliniki ya mtoto ni Alhamisi. Safari hii nitamweleza daktari habari zangu pia. Mdogo wangu amekubali kuja jioni, nimwonyeshe namna ya kumshika kidevu.