Wenye nyumba Mwanza: kodi ya miezi sita mnachukua, bati na choo mnamwachia nani?

Wakuu, hili limetufika kooni. Mpangaji analipa miezi sita kwa mkupuo, dalali anakula kodi ya mwezi mzima juu yake, halafu mvua ya kwanza ikipita kwenye bati anajibiwa: "Si unakaa wewe? Ziba." Hapana! Bati si la mpangaji na halijawahi kuwa lake.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, inaweka wajibu wa mwenye nyumba ndani ya kila mkataba wa upangaji hata kama hamkuuandika. Mkataba wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kuwa wa mdomo tu, na wajibu huo unaufuata vilevile. Ukipangisha sehemu ya jengo, yaani hivi vyumba vyetu vya kuchangia ua, paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na njia za wote ni juu yako. Chumba cha kuishi kiwe kinafaa kwa binadamu siku mpangaji anaingia, na kiendelee kufaa muda wote anaokaa. Muda wote, si siku ya kuhesabu hela.

Sasa choo. Kata za milimani kama Igogo, Mabatini na Isamilo, chini ni mwamba. Fundi anachimba kidogo anakutana na jiwe, shimo linabaki fupi, kisha linabebeshwa wapangaji wa vyumba vinane. Linajaa mapema, na gari la kunyonya halipandi kwenye vichochoro vile. Mwenye nyumba anafanya nini? Anasubiri mvua kubwa usiku, anatoboa ukuta wa shimo na kutapisha. Uchafu unashuka mlangoni kwa jirani wa chini, unaingia Mto Mirongo, unaishia Ziwa Victoria. Halafu tukipata kipindupindu tunaambiwa tunawe mikono! Shimo likibakiza kama nusu mita kufika juu, tafuta watu wa kuondoa uchafu wake kihalali, au omba kuunganishwa na bomba la majitaka kama linapita mtaani kwako. Hiyo ni gharama yako wewe unayepokea kodi.

Ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ni vilevile. Ukijengwa bila matundu ya kutolea maji, maji yanajaa nyuma yake, udongo unakuwa mzito na kuusukuma mpaka unaangukia chumba cha mtu aliyelala. Vipande vya bomba la inchi 2 kila mita moja na nusu hivi, na kokoto nyuma yake ili tope lisizibe, vingeondoa hatari kubwa. Ufa wa kulala katikati ya ukuta huo, au tumbo linaloanza kutokeza, si wa kupakwa plasta.

Wa ufukweni nao wasikilize. Ziwa lilipanda 2020, likapanda tena 2024. Nyumba ikiharibiwa na mafuriko bila uzembe wa mpangaji, kodi inasimama, yote au kwa kiasi cha uharibifu, mpaka itengenezwe. Miezi sita ikipita haijatengenezwa, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Na kumbukeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Vyumba vinavyopangishwa humo ndani tunaviona kila siku.

Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 18,000 kwa mwaka. Kama umeme unanunua wewe mpangaji, tunza meseji za manunuzi na udai fedha hizo zipunguzwe kwenye kodi ya chumba.

Linaloudhi kuliko yote ni kung'oa mlango, kuezua bati, kukata maji au kuweka kufuli juu ya kufuli. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu. Anadaiwa? Mpe notisi ya maandishi. Anayelipa mwezi kwa mwezi, notisi ya kumtoa haipungui mwezi. Akigoma, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mgambo na mwenyekiti wa mtaa hawana mamlaka ya kumtoa mtu.

Mpangaji, malalamiko andika nakala mbili zenye tarehe, moja mwenye nyumba asaini kuwa amepokea, piga na picha. Kisha Baraza la Kata. Tangu 2021 halitoi hukumu, linasuluhisha tu, na siku 30 zikiisha bila muafaka unakwenda la Wilaya. Ukitishiwa kutolewa, omba zuio, yaani amri ya kusimamisha usitolewe.

Kiasi cha kodi ni makubaliano tangu sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ilipofutwa 2005, kwa hiyo kila kitu kiandikwe: amana inarudi lini, inakatwa kwa uharibifu gani, nani anashughulikia kunyonya choo kikijaa. Lipieni ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Chumba cha 80,000 kwa mwezi ni shilingi 9,600. Bila stempu karatasi yako inaweza kukataliwa barazani. Na siku ya kuingia andikeni namba iliyopo kwenye mita ya maji, wote wawili msaini.