Tupeane uzoefu: wewe uliyekuwa mkubwa au mdogo kuliko wote darasani, ilikuwaje?

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Msimu huu wa uandikishaji wa darasa la kwanza nimewasikia wazazi wengi hapa Mwanza wakibishana kuhusu umri: huyu anataka mwanawe aanze mapema, yule anasema bado ni mdogo, asubiri mwaka mmoja. Ni nadra kusikia akiulizwa mtu aliyewahi kukaa darasani akiwa amewazidi wenzake wote umri, au akiwa amezidiwa na wote. Naomba tusimulie, na nitaanza mimi.

Nilizaliwa upande wa Magu katika familia ya wafugaji, na utoto wangu mwingi uliishia machungani. Mwaka 2002, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ada ilikuwa imekwishafutwa na watoto waliokuwa wamebaki nyumbani walikuwa wakitafutwa. Wakati huo nilikuwa nimehamia kwa baba mdogo, Kayenze, aliyekuwa akivua dagaa. Mwalimu wa uandikishaji aliketi chini ya mwembe na daftari lake, na kwa kuwa wengi wetu hatukuwa na cheti cha kuzaliwa wala kadi ya kliniki, alitumia kipimo ambacho kila mtu wa rika letu anakijua: pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Watoto wa mbele yangu walijinyoosha mpaka ncha za vidole zikagusa sikio. Mkono wangu ulilipita sikio ukafika kwenye taya. Mwalimu akanitazama, akamtazama baba mdogo, kisha akaandika miaka 9. Nilikuwa na miaka ipatayo 11.

Utani wa watoto haukunisumbua kwa muda mrefu. Waliniita Babu, nami nikazoea, na baadhi yao hata waliniamkia shikamoo bila mzaha. Jambo lililoniumiza, na ambalo hasa ndilo limenisukuma kuandika, ni kwamba nilipewa kazi za mtu mzima na adhabu za mtoto. Maji ya nyumba za walimu yalipohitajika, mimi ndiye niliyetumwa ziwani na ndoo mbili. Mtoto akiugua darasani, mimi ndiye niliyembeba mgongoni hadi kwao. Nguzo za uzio zilipohitajika, nilikabidhiwa panga niende kuzikata. Lakini niliporudi nikakuta somo la hesabu limekwishaanza, nilipanga mstari pamoja na watoto wa miaka 7 nikachapwa kwa kuchelewa, na kesho yake watoto walewale waliagizwa kunitii kwa sababu mimi ni kiranja.

Kulikuwa pia na suala la mwezi, ambalo wenzangu wa mialoni, kule mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, watalielewa. Dagaa huvuliwa kwa taa za karabai katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali uvuvi husimama. Kwa hiyo mahudhurio yangu yalifuata mwezi: siku za giza nilikuwa majini usiku na mchangani asubuhi nikianika, na mbalamwezi ilipotoka nikarudi darasani. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza kwa nini utoro wangu una mpangilio, ingawa rejesta ilikuwa mikononi mwao kila asubuhi.

Aliyenisaidia ni mwalimu mmoja wa kike wa darasa la tatu. Aligundua kwamba siogopi kusoma, ila naogopa kukosea kusoma mbele ya watoto wadogo. Akawa ananibakiza baada ya vipindi, nasoma kwa sauti tukiwa wawili tu, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nasoma vitabu vya darasa la tano. Nilipofika sekondari ya kata nikiwa na miaka 18 nilikuta wenzangu kadhaa wa umri wangu, na jambo hilo likaisha lenyewe.

Mchangiaji kutoka Ukerewe

Asante, kaka. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa. Mama alikuwa akishinda mwaloni tangu alfajiri, na dada yangu alipoanza darasa la kwanza alikwenda nami kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniachia. Nilikuwa na miaka 5. Kipimo hicho cha sikio nami nilipitia, na nakumbuka nililaza kichwa begani ili mkono ufike; mwalimu akakinyoosha kichwa changu, mkono ukaishia juu ya paji. Hata hivyo aliniacha niketi mwisho wa benchi kama msindikizaji, na mtihani ulipokuja niliufanya kama wengine, nikafaulu, nikapanda darasa.

Wazazi huona hapo ndipo ushindi ulipo. Kusoma kweli nilijua mapema. Nilichochelewa kukijua ni kujisemea. Nilipovuka kutoka Nansio kwenda shule ya bweni Mwanza nilikuwa na miaka 12, na wasichana wakubwa walinipenda sana: walinifulia sare, walinisuka, walinipangia hata kitanda. Dada akiwapo aliamua yeye, dada asipokuwapo waliamua wao. Nilipofika kidato cha nne na kutakiwa kuchagua tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano, nilijaza ile waliyojaza wenzangu wa bwenini, kwa sababu katika miaka yote hiyo hapakuwa na aliyewahi kuniuliza ninataka nini na kusubiri jibu. Binti yangu sasa ana miaka 5 na anasoma magazeti. Yuko darasa la awali na atabaki huko mpaka wakati wake.

Mwalimu, Sengerema

Nimesoma kwa makini habari ya kazi na adhabu, na nathibitisha kwamba jambo hilo lipo. Mwanafunzi mkubwa hugeuka msaidizi wa shule bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu na ndiye aliye karibu. Naongeza lingine: kwa urefu wake hupelekwa dawati la nyuma asiwazibe wenzake, na akiwa haoni vizuri ubaoni huitwa mzito. Mimi huwaweka pembeni, mstari wa mbele, karibu na dirisha. Kuhusu madarasa ya MEMKWA, yaliyotengwa kwa waliokosa shule, wenye miaka 11 hadi 13 kundi lao na wenye 14 hadi 18 kundi lao, niliyafundisha, na naweza kusema kwamba kijana aliyekuwa bubu katika darasa la kwanza alizungumza siku ya pili alipoketi na wa rika lake.

Mchangiaji kutoka Igoma

Mimi nilirudi shuleni baada ya Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurejea katika mfumo rasmi. Nilikuwa na miaka 19, wenzangu wa kidato cha pili wana 15. Nilikuwa bado nanyonyesha, na vipindi viwili vya mfululizo kabla ya mapumziko vilikuwa virefu mno kwangu. Nilivaa sweta wakati wa joto ili maziwa yaliyovuja yasionekane kwenye blauzi. Wanafunzi walinistahi. Aliyenivunja moyo ni mwalimu aliyenisimamisha mbele ya darasa awe na mfano wa kuwaonya wasichana wengine. Kama yupo mwalimu anayesoma hapa, namwomba asimfanyie hivyo binti yeyote. Kidato cha nne nimekimaliza.

Mwanzisha mada

Dada wa Igoma, hongera sana, na pole kwa yaliyokupata. Mwalimu wa Sengerema, ningependa utueleze zaidi: mwanafunzi wa aina yangu anapoanza kutoroka kwa kufuata mwezi, shule ya mwaloni inaweza kumpangia ratiba gani bila kuvunja taratibu? Tena, waliosoma MEMKWA upande wa Geita na Bukoba bado hatujawasikia. Karibuni.